Mkunjo Uliotembea Ukutani

Mtoto wa Mosocho anayejifunza kuhesabu kwa lugha ya mama yake hufika isano, yaani tano, na hapo majina mapya humwishia: sita kwake ni tano na moja, saba ni isano na ibere, tano na mbili, na nane ni isano na isato, tano na tatu, mpaka atokee kwenye tisa, ambayo ina jina lake pekee, kianda, ndugu wa damu wa kenda, neno walilokuwa nalo Waswahili wa pwani kabla tisa ya Kiarabu haijalisukuma pembeni. Asikilizaye hesabu hiyo kwa makini husikia mkono wa mwanadamu ukifanya kazi ndani yake: vidole vya mkono mmoja vimekwisha, na mkono wa pili unaombwa msaada. Nimependa kuifungua sura hii kwa chombo hicho cha kale kwa kuwa mazungumzo ya siku hizi juu ya tarakilishi darasani huendeshwa aghalabu kana kwamba mashine zimeivamia elimu iliyokuwa ya akili tupu, ilhali hisabati haijapata kuishi hata siku moja pasipo chombo, kiwe kidole, kokoto, uzi wenye mafundo, bikari au karatasi ya miraba; na lililo la kuulizwa kwa haki ni nani atangulie kusema, chombo au mwanafunzi.

Mosocho imekaa kando ya mji wa Kisii, katika vilima vya Gusii ambako shamba hupanda na kushuka kiasi kwamba hata mtu ambaye hakusoma huujua mteremko kwa magoti yake. Migomba, chai na mahindi vimebanana hadi ukingoni mwa barabara, na mvua ya alasiri, katika miezi mingi ya mwaka, huja bila kubisha hodi. Hapo ndipo ilipo shule ya wavulana yenye jina la Kadinali Maurice Otunga, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Jimbo la Kisii lilipoundwa mwaka 1960, shule ambayo mabruda wa Kikatoliki kutoka Tilburg, Uholanzi, waliiweka katika hesabu ya shule zinazotajwa kwa heshima nchini Kenya. Na kuizunguka zimechipuka shule nyingi ndogo za kutwa, ambazo watoto wake huamka alfajiri, hukamua ng'ombe au huchuma chai kidogo, kisha hushika njia ya shule. Sura hii inahusu shule hizo za kutwa kuliko inavyohusu zile zenye majina.

Kizazi changu kililelewa na kitabu chembamba cha majedwali, chenye logi na sini na kosini zilizopangwa safu kwa safu, tarakimu nne nne. Asili ya kitabu hicho ni Mskoti John Napier, aliyezitangaza logi zake mwaka 1614, na Mwingereza Henry Briggs, aliyezifanyia matengenezo zikakaa juu ya msingi wa kumi, ili wanafalaki na mabaharia waliokuwa wakizeeka juu ya kuzidisha wapate kujumlisha tu. Nakumbuka siku moja nikiwa kijana, nilipotaka kuhakikisha kwamba mbili mara tatu ni sita kwa njia ile ya kifalme. Logi ya mbili nikaikuta 0.3010, logi ya tatu 0.4771, nikajumlisha nikapata 0.7781; nikaenda kwa sita nikakuta 0.7782. Nilirudia mara nne nikidhani macho yananidanganya. Mwalimu wangu, niliyemwendea kwa woga, hakunionyesha kosa langu kwa sababu halikuwapo. Alinieleza kwamba kila tarakimu katika kitabu kile imekatwa mkia, na mikia miwili iliyokatwa ikijumlishwa huweza kufanya kipande kinachoonekana. Tangu siku ile sikukiamini tena chombo chochote kwa ukamilifu, wala sikukidharau. Somo la makadirio na makosa, lililomo katika mtaala wa Kidato cha Tatu, nililipata pale kabla ya wakati wake, na nilipewa na jedwali lenyewe.

Kikokotoo kilikuja baadaye, na mtihani wa taifa ukakikubali. Mtahiniwa wa KCSE leo, anapofungua karatasi yake ya hisabati ya saa mbili na nusu, husoma juu yake kwamba anaruhusiwa kutumia majedwali ya Baraza la Mitihani na kikokotoo kisicho na sauti wala uwezo wa kupangiwa programu, isipokuwa pale swali linapokataza. Walikuwapo wazazi na walimu walioliona jambo hilo kama msiba, wakisema kwamba watoto watasahau hesabu ya jedwali la kuzidisha. Na kwa kweli wapo waliosahau. Lakini nimesahihisha madaftari mengi, na nasema kwa yakini kwamba kosa kubwa la kikokotoo ni la namna nyingine, la siri zaidi. Kijana akitaka mraba wa hasi tatu, akabonyeza hasi, tatu, kisha alama ya mraba, bila mabano, mashine huupiga mraba wa tatu kwanza, halafu huweka hasi mbele, ikamrudishia hasi tisa. Mashine haikukosea, imetii kanuni yake. Kijana huiandika hasi tisa kwa utulivu wa mtu aliyeambiwa na mkubwa wake, wala nafsi yake haimsuti, kwa sababu hakuwa na kisio lolote la kuweka kando ya jibu na kuuliza: yawezekanaje namba kujizidisha yenyewe ikazaa hasi?

Katika kituo cha kununulia chai hapo Mosocho nimeona elimu ambayo kijana huyo ameikosa. Mama hufika na kikapu chake mgongoni, na kabla hakijatundikwa kwenye mizani anajua moyoni mwake ni kilo ngapi, kwa jinsi kamba ilivyomkata kipaji cha uso kutoka shambani. Mizani ikisema kumi na mbili naye amebeba kumi na tano, hataondoka kimya. Zamani mizani ilikuwa ya springi na sindano, siku hizi ni ya kielektroniki yenye tarakimu zinazowaka, na mama hajabadili desturi yake, kwani kilo alizozibeba ni zake, na mizani inamjibu tu.

Walimu wa Kisii hawakuanza jana kulitafuta jambo hili la mwanafunzi kutangulia chombo. Mwaka 1998 serikali ya Kenya na ya Japani zilianzisha mpango wa kuimarisha ufundishaji wa hisabati na sayansi katika shule za sekondari, uliojulikana kwa kifupi chake, SMASSE, na katika wilaya tisa zilizochaguliwa kwa majaribio, Kisii ilikuwamo, na jirani yake Gucha pia. Kwa miaka mitano hivi mpango ule ulikuwa mbegu katika wilaya hizo chache, kisha kuanzia 2003 ukatandazwa nchi nzima, na kituo cha Karen, Nairobi, kiitwacho CEMASTEA, kikarithi kazi hiyo. Walimu walikusanywa wakati wa likizo, wengine wakinung'unika kwamba wamenyimwa mapumziko, wakafundishwa mambo manne: somo liwe na matendo, mwanafunzi awe katikati, majaribio yafanywe, na kifaa kisichokuwapo kibuniwe kwa kile kilichopo. Neno hili la mwisho, kubuni, ndilo lililokaa mioyoni. Nimewaona walimu wakikata miche duara ya migomba kuonyesha eneo la mkato, wakifunga uzi kwenye chaki kuchora duara, wakileta vipande vya jiwe la sabuni kutoka Tabaka, jiwe lile laini linalochongwa likawa vinyago, ili watoto wakate pembe za mchemraba kwa kisu na kuhesabu nyuso mpya zinazozaliwa. Aliyepitia mafunzo yale kwa moyo wote hakuyaacha alipopewa tarakilishi. Aliishika tarakilishi kama anavyoushika mgomba.

Nilialikwa na mwalimu mmoja wa namna hiyo katika shule ya kutwa ya mchanganyiko, mwendo wa miguu kutoka soko la Mosocho, nikaketi nyuma ya Kidato cha Tatu chenye watoto wapatao hamsini. Alikuwa na tarakilishi yake ya mkononi, projekta ya kuazima, na shuka jeupe lililopigiwa misumari ukutani. Tarakilishi na projekta zilikuwa zimezimwa. Ubaoni ameandika y = x² − x − 6, na kazi ya kila mtoto ilikuwa kutengeneza jedwali la thamani kutoka x = −3 mpaka x = 4, kisha kuchora grafu kwa penseli. Nilipita kati ya madawati nikaona michoro ya aina tatu. Kwanza, ile sahihi, inayoshuka kutoka sita, ikapita mhimili wa x kwenye −2, ikazama, ikapanda na kupita tena kwenye 3. Pili, ile ya wale waliokosa mabano kwenye vikokotoo vyao: upande wa kushoto kwao ulianza −12, ukaja −8, ukaja −6, kisha ukalala, kisha ukapanda, mfano wa nyoka anayetoka bondeni. Na ya tatu, ambayo ilikuwa ya wengi sana, ilikuwa sahihi kila mahali ila kitako, kwa sababu x ikiwa 0 y ni −6, na x ikiwa 1 y ni −6 vilevile, basi wameziunganisha nukta hizo mbili kwa rula, ikawa mkunjo wenye sakafu.

Mwalimu hakusahihisha. Aliwataka wenye nyoka wasimame, na wenye sakafu wasimame, na waliobaki wabaki, kisha akawauliza: "Kati ya sifuri na moja, kuna nini?" Kijana mmoja akajibu kwamba hakuna kitu, kwa kuwa jedwali limesema hivyo. Binti wa dawati la mbele akasema pana nusu. "Basi muulizeni nusu," akasema mwalimu, na vikokotoo vikalia kwa vidole, na sauti kutoka pande zote zikasema −6.25. Hapo ndipo alipowasha projekta.

Programu aliyotumia ni GeoGebra, iliyoanzishwa mwaka 2001 na Markus Hohenwarter alipokuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Salzburg, Austria, inayotolewa bure na kufanya kazi bila intaneti ikishapakiwa, sifa mbili ambazo katika shule ya kutwa hazina mfano. Mkunjo ulitokea kwenye shuka, kitako chake kimezama robo chini ya pale rula ilipopita, na waliosimama wakakaa wenyewe bila kuambiwa. Kisha akaonyesha jinsi ile −6 ya mwisho inavyoweza kugeuzwa kwa kitufe kidogo kinachoteleza juu ya mstari. Kabla hajakigusa aliwaamuru waandike madaftarini: nikiiongeza, mkunjo utafanya nini, na lini utaacha kuukata mhimili? Wengi waliandika sifuri. Akakitelezesha polepole; mkunjo ukainuka kama mkate katika tanuri, pale pa kukata mhimili pakakaribiana, sifuri ikapita na bado panakata mara mbili, na ilipofika 0.25 zile nukta mbili zikawa moja, mkunjo ukiugusa mhimili kwa kitako chake. Kidogo zaidi ya hapo ukapaa, ukaachana na mhimili kabisa. Lile neno la kitabu kwamba mlinganyo wa kipeo cha pili huweza kuwa na majibu mawili, au moja, au pasiwe na jibu, ambalo nilikuwa nimelikariri ujanani kama dua nisiyoijua maana, watoto wale waliliona likitendeka.

Ndipo mvua ikafika. Anayejua mabati ya Kisii wakati wa mvua ya alasiri anajua kwamba mwalimu hana sauti tena; kwa kawaida somo hufa pale, watoto wakainamia madaftari na kungoja. Safari hii mwalimu alinyamaza, akaandika ubaoni swali la maneno machache: Tukigeuza namba ya katikati, ncha itatembea njia gani? Ncha ni ile nukta ya chini ambapo mkunjo hugeuka. Nikaona vichwa vikiinama, na nilipozunguka nikakuta kwamba takriban wote wamechora mstari ulionyooka, wengine umelala, wengine umeinama. Akairudisha −6 mahali pake, akaiamrisha programu iache alama kila ncha inapopita, akashika kitufe cha namba ya katikati, akakitelezesha kutoka −4 hadi 4. Ncha ilianza chini kulia, ikapanda, ikafika −6 juu ya mhimili wa y, ikateremka upande wa kushoto. Na alama ilizoziacha nyuma zikafanya mkunjo mwingine, uliogeuzwa kichwa chini, pacha wa mkunjo wenyewe. Mabati yalikuwa yakinguruma, hakuna aliyesikia mwenzake, lakini nilimwona kijana wa nyuma amesimama juu ya dawati.

Mvua ilipopungua, walitaka wao wenyewe kujua kwa nini. Na hili ndilo ambalo nimelibeba mpaka leo: thibitisho, ambalo walimu wengi hulalamika kwamba watoto hawalipendi, liliombwa na watoto. Mwalimu akaizima projekta. Namba ya katikati na iwe b, ya mwisho c; ncha iko pale x inapokuwa nusu ya b iliyogeuzwa alama, basi b ni hasi mbili mara x; iweke hiyo mahali pake katika mlinganyo, na x² moja inakutana na x² mbili zilizo hasi, ikabaki y = c − x². Mistari mitatu ya chaki. Nimefundisha mistari hiyo mitatu mara nyingi kwa madarasa ambayo hayakuwa yameuliza, na yakainakili ubaoni kwa hati nzuri na kuisahau.

Mtu asidhani kwamba jambo hili ni la fedha tu. Nimeingia katika shule moja, mbali na hapo, ambayo ina chumba chenye tarakilishi nyingi zilizofunikwa kwa vitambaa vilivyoshonwa na akina mama wa kanisa, mlango wenye kufuli mbili, na ufunguo ulio kwa mtu ambaye siku ile alikuwa safarini. Watoto walijua idadi ya mashine zile lakini hawakujua zinafanya nini. Serikali nayo, katika mpango wake wa 2016 wa kupeleka vibao vya kidijitali mashuleni, ilianza na watoto wa Darasa la Kwanza, hivyo shule za sekondari zikabaki na kile ambacho mwalimu alinunua mwenyewe kwa mshahara wake. Na shule zilipofungwa mwezi Machi 2020 kwa ajili ya korona, masomo yakahamia redioni, na redio, pamoja na hisani yake yote kwa nyumba isiyo na televisheni, haina namna ya kumwonyesha mtoto mkunjo unaogeuka. Mashine moja mikononi mwa mwalimu anayejua kungoja inatosha darasa la hamsini. Sisemi kwamba serikali ipumzike. Nasema kwamba fedha itakayonunua mashine bila kumnunulia mwalimu muda wa kujifunza imetupwa.

Simu ndiyo inayonitia hofu ya kweli. Shule za Kenya humkataza mwanafunzi kuwa nayo, lakini nyumbani simu ya baba, ile ile ya M-Pesa, ipo mezani, na sasa zimo programu ambazo ukiupiga picha mlinganyo zinakupa jibu na hatua zake zote, na akili unde ambayo itakuandikia insha nzima ya namna ilivyotatua. Sizilaani, kijana asiye na mwalimu jirani huweza kupata humo msaada ambao mimi sikupata. Lakini hatua zile hufika zikiwa zimekamilika, safi, hazina mahali ambapo msomaji alikisia akakosea, na akili isiyokosea kwanza hushika neno bila kushika sababu. Mama wa kikapu cha chai anayeifikia mizani pasipo kubeba kitu hana la kuiambia.

Mwisho wa kipindi kile binti wa dawati la mbele aliinua mkono: "Mwalimu, na namba ya kwanza? Tukigeuza hiyo, ncha itapita wapi?" Mwalimu akauliza darasa linakisia nini, na darasa zima, kwa kuwa lilikwisha kuumwa, likajibu kwa sauti moja kwamba ni mkunjo tena. Akaifunga tarakilishi yake, akaikunja waya, akasema watamweleza kesho.

Nililala mjini Kisii, na asubuhi nikarudi. Binti yule alikuwa amefika mapema, ana karatasi ya miraba yenye doa la mafuta ya taa pembeni. Aliiacha −1 ya katikati na −6 ya mwisho zikae vilevile, akaifanya namba ya kwanza kuwa 1, kisha 2, kisha nusu, kisha robo, kisha hasi 1 na hasi nusu, na kwa kila moja akaitafuta ncha kwa kikokotoo cha kaka yake: (0.5, −6.25), (0.25, −6.125), (1, −6.5), (2, −7), (−0.5, −5.75), (−1, −5.5). Akaweka rula, na nukta zote sita zikalala chini yake. Ulikuwa mstari ulionyooka, ule ule walioukisia jana mahali pengine. Lakini hakuuchora moja kwa moja. Alipofika kwenye mhimili wa y, penye −6, aliinua penseli, akachora kiduara kitupu, akaendelea upande wa pili. Mwalimu akamwuliza kwa nini ameacha pale.

"Hapo mikunjo yote inapita," akasema, "lakini hakuna hata mmoja unaogeukia hapo."